Maswali ya Wasomaji: Ukurasa Hauwezi Kuwa Shahidi wa Nafsi Yake

Barua za mwezi huu zimetoka kwa wingi Kanda ya Kati, na ingawa kila mwandishi ameuliza kwa namna yake, karibu wote wanazungukia jambo moja: namna vijana wetu wanavyotafuta taarifa mtandaoni, na jinsi wanavyoamua kipi wakiamini. Tumechagua barua chache na kuzifupisha. Majina ya waandishi tumeyaweka kando.

Shikamoo Mhariri. Nimemaliza kidato cha sita na ninaishi kwa shangazi yangu hapa Nkuhungu, Dodoma. Nataka kuomba mkopo wa elimu ya juu. Nikiandika kwenye Google napata tovuti nyingi, na baadhi zina nembo ya Taifa na zimepangwa vizuri kuliko hata zile ninazoambiwa ni za Serikali. Katika kundi letu la WhatsApp kila mtu anatuma kiungo chake. Nitajuaje ipi ni ya kweli? (Mhitimu, Nkuhungu)

Marahaba, mwanangu, na hongera kwa kumaliza. Swali lako ni zito kuliko linavyoonekana, kwa sababu linahusu fedha, namba zako za mtihani na taarifa za familia yako, na zikiangukia mikononi mwa tapeli hutazirudisha.

Kwanza, uondoe imani kwamba ukurasa unaotokea juu ndio wa kweli. Mtambo wa kutafuta haupangi kurasa kwa ukweli wake. Unakadiria ni ukurasa upi unaolingana na maneno uliyoandika, upi unaotajwa na kurasa nyingine nyingi, upi unaofunguka vizuri kwenye simu, na juu ya hayo yote unaweka matangazo yaliyolipiwa, yenye maandishi madogo tu ya kukuarifu kwamba yamelipiwa. Muuza zabibu aliyepanga meza yake mlangoni mwa Soko la Majengo si lazima awe ndiye mwenye zabibu nzuri. Amepata nafasi ya mlangoni, na pengine ameilipia.

Usidhani kosa hili ni la vijana wa Tanzania peke yao. Mwaka 2010 Eszter Hargittai na wenzake walichapisha utafiti ambao ndani yake waliwaketisha wanafunzi 102 wa mwaka wa kwanza wa chuo kikuu kimoja cha Chicago mbele ya kompyuta na kuwatazama wakitafuta majibu. Zaidi ya robo yao walisema wamechagua tovuti kwa sababu tu ilitokea ya kwanza. Wachache walimtaja mwandishi wa ukurasa au ujuzi wake, lakini watafiti walipoitazama rekodi ya kompyuta zao, hapakuwa na hata mmoja aliyekwenda kuhakikisha kama mwandishi huyo ni yule anayejidai kuwa. Hawa ni vijana waliokulia na intaneti nyumbani. Kuizoea simu ni jambo moja na kujua kuipima taarifa ni jambo jingine kabisa, na naona tunawaonea vijana tunapodhani kwamba kwa kuwa vidole vyao ni vyepesi basi hawahitaji kufundishwa.

Sasa nije kwenye kile unachopaswa kufanya, nacho kimepata ushahidi mzuri. Mwaka 2017 Sam Wineburg na Sarah McGrew wa Chuo Kikuu cha Stanford waliwapa kazi moja watu wa makundi matatu: wanahistoria 10 wenye shahada ya uzamivu, wahakiki taarifa 10 wa vyombo vya habari na wanafunzi 25 wa chuo hicho. Katika mojawapo ya majaribio walitakiwa kulinganisha tovuti za vyama viwili vya madaktari wa watoto nchini Marekani vyenye majina yanayokaribiana: American Academy of Pediatrics, chama kikubwa kilichoanzishwa mwaka 1930, na American College of Pediatricians, kikundi kidogo kilichojitenga mwaka 2002 kwa sababu za kimsimamo. Wanafunzi walio wengi waliona kile kikundi kidogo ndicho cha kuaminika zaidi, na hata baadhi ya wanahistoria waliyumba, ilhali wahakiki walikitambua chama kikubwa bila wasiwasi na kwa muda mfupi. Tofauti haikuwa akili wala elimu. Wanafunzi na wanahistoria walibaki ndani ya ukurasa waliofunguliwa, wakisoma kutoka juu hadi chini, wakitazama nembo, mpangilio, marejeo na ukurasa wa kujitambulisha. Wahakiki hawakukaa humo. Walifungua kurasa nyingine pembeni wakauliza: hawa ni nani, na watu wasio wao wanasema nini juu yao?

Ndiyo maana nembo ya Taifa uliyoiona haikusaidii kitu. Nembo ni picha, na picha inanakiliwa kwa sekunde chache. Vivyo hivyo alama ya kufuli ambayo baadhi ya vivinjari huionyesha kando ya anwani: hiyo inakuambia tu kwamba mawasiliano kati ya simu yako na tovuti yamefichwa yasisomwe njiani, wala haisemi kama aliye upande wa pili ni mwaminifu. Tapeli naye anaweza kuwa na kufuli.

Kilicho kigumu kuigiza ni mwisho wa anwani. Soma anwani kuanzia mwanzo hadi mkwaju (/) wa kwanza ulio peke yake, kisha utazame maneno yaliyo karibu kabisa na mkwaju huo. Tovuti ya Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu huishia na heslb.go.tz, na kinachoweza kutangulia mbele yake ni neno jingine likifuatiwa na nukta. Ukiona neno heslb limewekwa mwanzoni, likafuatwa na kistari na maneno mengine, halafu mwisho wake ni com au herufi nyingine zozote, hiyo si Bodi, hata kama ukurasa wake unapendeza. Kikoa cha go.tz hutolewa kwa taasisi za Serikali pekee, kama ac.tz ilivyo kwa vyuo. Angalizo langu ni kwamba mwisho wa anwani unakuambia mwenye ukurasa ni nani, haukuhakikishii kwamba maelezo yaliyomo ni ya mwaka huu. Bodi hutoa mwongozo wa maombi kila mwaka, kwa hiyo tazama mwaka ulioandikwa kwenye jalada kabla ya kusoma masharti, maana mwongozo wa zamani huendelea kuzunguka kwenye makundi kwa muda mrefu.

Najua wenzako wengi hufanyia maombi yao steshenari, ama kwa kukosa kompyuta au kwa hofu ya kukosea. Hakuna ubaya, lakini anwani iandike wewe mwenyewe, namba ya simu inayojazwa iwe yako, na nywila uiweke wewe na kuiondoa kwenye kompyuta ya watu kabla hujatoka. Malipo ya Serikali hupitia namba maalumu ya malipo ambayo wengi wanaijua kama kontroli namba, na jina la taasisi linapojitokeza kwenye simu lisome kabla hujaweka namba ya siri. Anayekuambia utume ada kwenye namba ya mtu binafsi usibishane naye. Peleka namba yake kwa ujumbe mfupi kwenda 15040, ambayo Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania imeitenga kwa kupokea taarifa za namba za matapeli.

Ndugu Mhariri, salaam. Binti yangu yuko kidato cha tatu. Hafungui tovuti wala gazeti. Kila jambo analitafuta kwenye video fupi za simu. Majuzi nilimkuta na kopo la mafuta ya kung'arisha uso aliloagiza kwa mtu wa mtandaoni, nikamwambia huo ni mkorogo. Akanijibu kwamba watu wengi mno wameandika kwenye maoni kuwa yamewasaidia, na kwamba sielewi mambo ya siku hizi. Nimnyang'anye simu? (Mama, Mpwapwa)

Mama, usianze na simu. Anza na kopo. Likalisheni mezani na msome pamoja kilichoandikwa: mtengenezaji ni nani, viambato ni vipi, na kama kuna alama ya Shirika la Viwango Tanzania, ambalo ndilo linalosimamia vipodozi tangu mwaka 2019. Zebaki na haidrokwinoni zimepigwa marufuku katika vipodozi nchini mwetu kwa sababu nzito: zebaki hupenya kwenye ngozi na kuharibu figo, na haidrokwinoni ikitumika muda mrefu inaweza kuacha madoa meusi yasiyotoka. Kopo lisilotaja viambato vyake limekwisha kujieleza, na mafuta hayo yasipakwe tena.

Baada ya hapo ndipo mzungumze juu ya video, na nakuomba umtendee haki binti yako. Kutafuta kwa video si upungufu wake. Mwaka 2022 Prabhakar Raghavan, aliyekuwa akisimamia huduma ya utafutaji ya Google, alieleza kwamba katika uchunguzi wao karibu asilimia 40 ya vijana wanaotafuta mahali pa kula hufungua TikTok au Instagram badala ya ramani au ukurasa wa kutafutia wa Google. Video inaonyesha kitu chenyewe na sura ya anayesema, na kwa kijana hilo ni rahisi kulipima kuliko aya ndefu. Hata kusoma maoni ya wengine kabla ya kuamini ni silika njema, kwa sababu maana yake ni kwamba hakuridhika na neno la muuzaji peke yake.

Kosa liko kwenye mahali alipowatafuta mashahidi. Maoni yaliyo chini ya video yamo mikononi mwa mwenye video: anaweza kuyafuta yanayomlalamikia, anaweza kuwaomba ndugu na wateja wake waandike, na kuna watu wanaolipwa kwa kazi hiyo. Isitoshe, programu hizi hupima anachokitazama mtu mpaka mwisho na kumletea vinavyofanana nacho. Akitazama video moja ya mafuta ya uso, zitamjia nyingine nyingi zenye kusifu kitu hichohicho, naye ataona kana kwamba nchi nzima imekubaliana, wakati kilichotokea ni kwamba mashine imemrudishia kile alichokionyesha kukipenda.

Na kuna jambo ambalo hata watu wazima tunalifanya bila kujua. Maneno tunayoyaandika kwenye kisanduku cha kutafutia huwa yamekwisha kuchagua jibu. Anayeandika «faida za mafuta fulani» ataletewa faida, na anayeandika «jinsi ya kuwa mweupe kwa wiki moja» ataletewa watu wanaouza weupe wa wiki moja. Mwombe binti yako aandike jina la kile kitu pamoja na neno «madhara», kisha neno «marufuku», kisha jina la kiambato peke yake, na afanye hivyo nje ya programu alimokiona kitu hicho. Usimfanyie wewe, mwache aone mwenyewe jinsi majibu yanavyobadilika. Kisha muulizane kuhusu yule mtu wa video: anapata nini nikimwamini? Kama anauza, neno lake ni la muuzaji, hata akiwa amevaa koti jeupe la daktari.

Ukimnyang'anya simu ataazima ya rafiki, na hapo hutakuwepo kumuuliza lolote.

Ndugu Mhariri, ninafundisha Historia katika shule ya sekondari wilayani Kondoa. Niliwapa wanafunzi kazi kuhusu michoro ya miambani iliyo hapahapa kwetu. Wengi waliiuliza programu ya akili mnemba, na wakaniletea majina ya vitabu na wataalamu ambao nimewatafuta kila mahali bila kuwapata. Wenzangu wanataka tupige marufuku kabisa. Una maoni gani? (Mwalimu, Kondoa)

Mwalimu, sidhani marufuku itafika mbali, kwa kuwa kazi hufanyika nyumbani ambako mwalimu hayupo. Ni heri uwafundishe kile chombo ni kitu gani. Programu hizi, ambazo zimeenea tangu ChatGPT ilipotolewa mwezi Novemba 2022, zimefunzwa kwa maandishi mengi mno ili kukadiria neno gani lifuate neno gani. Zinapoombwa kitabu hutoa mfululizo wa maneno unaofanana na jina la kitabu, na mara nyingi kitabu kipo kweli, ila kisipokuwepo sentensi hutoka kwa ufasaha uleule na kwa uhakika uleule. Hakuna kinachomwonya msomaji kwamba hapa pana ukweli na pale pana ubunifu.

Wasimulie wanafunzi wako kisa kilichotokea New York mwaka 2023. Mawakili wawili waliwasilisha mahakamani hoja zilizotaja hukumu za kesi ambazo hazikuwahi kuwepo, zilizotungwa na ChatGPT, na jaji akawatoza pamoja na ofisi yao faini ya dola 5,000. Linalonisikitisha zaidi katika kisa hicho ni kwamba mmoja wao alikuwa ameingiwa na shaka mapema, akaiuliza programu ileile kama kesi hizo ni za kweli, ikamjibu kuwa ni za kweli, naye akatulia. Alimwomba mtuhumiwa awe shahidi. Ni kosa lilelile la kijana anayesoma ukurasa wa «Sisi ni nani» na kuridhika kwamba sasa amewajua.

Wewe una bahati ambayo walimu wengi hawana, kwa sababu jambo unalolifundisha lipo umbali wa safari fupi. Wape aya moja iliyoandikwa na hiyo programu kuhusu michoro ya Kondoa, na uwatake kila dai waliambatanishe na shahidi wa nje. Imesema michoro iliingizwa kwenye Orodha ya Urithi wa Dunia? Waende kwenye orodha ya UNESCO yenyewe, nao watakuta ni mwaka 2006. Imemtaja mwanaakiolojia Mary Leakey? Watakuta katika vyanzo visivyotegemeana kwamba alifanya kazi ya kunakili michoro hiyo mwanzoni mwa miaka ya 1950. Imetaja mtaalamu mwingine ambaye hapatikani popote isipokuwa katika jibu hilo? Basi afutwe. Kwa yale yanayobaki na utata, wanafunzi wanaweza kuuliza ofisi ya mambo ya kale iliyoko Kolo, na wazee wa Kirangi wanaojua jinsi baadhi ya mapango yanavyotumika mpaka leo kwa matambiko, jambo ambalo kurasa nyingi za mtandaoni hulipitia juu juu.

Kuna jambo moja la ziada linalohusu lugha, nalo linanigusa sana. Mwanafunzi wetu amesoma shule ya msingi kwa Kiswahili, akifika kidato cha kwanza anaambiwa asome kwa Kiingereza, na anapotafuta kitu mtandaoni hunakili swali la mwalimu kama lilivyo, kwa Kiingereza, bila kuongeza jina la nchi. Akitafuta haki za mfanyakazi anapata sheria za Marekani au Uingereza, na huziandika kwenye daftari akidhani ni zetu. Akitafuta kwa Kiswahili anakutana na kurasa chache, na miongoni mwake zimo zilizotafsiriwa na mashine bila mtu kuzipitia. Kwa hiyo wafundishe kulivunja swali kuwa maneno machache yenye uzito, kuweka neno «Tanzania» au jina la mkoa, na kutafuta kwa lugha zote mbili kisha kulinganisha. Wikipedia nayo usiwakataze. Ile ya Kiingereza ilianza mwaka 2001 na ya Kiswahili mwaka 2003, na thamani yake kubwa kwa mwanafunzi iko chini ya ukurasa, kwenye tanbihi, ambako anaweza kuona kila dai limetoka wapi na kulifuata huko lilikotoka.

Mhariri, mimi ni kijana mkulima wa Bahi. Nimetumiwa sauti kwenye WhatsApp inayosema Mamlaka ya Hali ya Hewa imetangaza El Niño na kwamba tuache kupanda mtama. Niamini? (Mkulima, Bahi)

Usiamini kabla ya kujua tarehe yake. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania ilitangaza kweli El Niño mwaka 2023, na tangazo hilo lilikuwa sahihi kwa msimu ule. Likisikilizwa leo bila tarehe linakuwa uongo ingawa kila neno lake lilikuwa la kweli. Taarifa nyingi zinazowapotosha vijana ni za aina hii. Mikoa ya Dodoma na Singida hupata mvua za msimu, kuanzia Novemba hadi Aprili, na Mamlaka hutoa utabiri wa msimu huo kabla haujaanza, kisha huendelea kuuhuisha. Uusome kwenye meteo.go.tz, au umwombe afisa ugani wa kata yako akusomee ule wa mwaka huu. Ikiwa umetumiwa picha za mafuriko badala ya sauti, itafute picha yenyewe kwa Google Lens, nawe utaona kama imewahi kuonekana miaka iliyopita au katika nchi nyingine.

Ndugu Mhariri, ninasimamia kundi la WhatsApp la vijana wa mtaa wetu hapa Singida. Nilisambaza taarifa ya nafasi za kazi serikalini, kumbe ni ya uongo, na wawili wametuma fedha. Nimevunja sheria? Nifanye nini sasa? (Msimamizi wa kundi, Singida)

Kifungu cha 16 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 kinamgusa anayechapisha taarifa akijua kwamba ni ya uongo na akiwa na nia ya kupotosha, na adhabu yake ni faini isiyopungua shilingi milioni 5, au kifungo kisichopungua miaka mitatu, au vyote viwili. Wewe hukujua, na hiyo ni tofauti kubwa, lakini tangu sasa umekwisha kujua, kwa hiyo ujumbe ule usibaki hapo hata saa moja zaidi.

Ufute kwa watu wote, kisha uandike katika kundi hilohilo kwamba taarifa ilikuwa ya uongo, utaje namba iliyotumika kupokea fedha, na uwasaidie hao wawili wakatoe taarifa polisi na kwa kampuni yao ya simu leo hii, maana fedha ikishatolewa kwa wakala ni vigumu kuipata. Usiogope aibu ya kusahihisha mbele ya watu, kwa sababu walioiamini waliiamini kwa kuwa imetoka kwako. Nafasi za utumishi wa umma hutangazwa na Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma kwenye tovuti yake inayoishia na ajira.go.tz, na mwombaji hatozwi fedha yoyote.

Kwa siku zijazo, ujumbe ukija na mishale miwili juu yake, ujue umekwisha kupita kwenye mikono mingi kabla ya kukufikia, na ndiyo sababu tangu Aprili 2020 WhatsApp hairuhusu ujumbe wa namna hiyo kupelekwa kwenye zaidi ya mazungumzo mamoja kwa wakati mmoja. Kabla hujauweka kundini, utafute kwenye kurasa za wahakiki kama JamiiCheck, Nukta Fakti au PesaCheck, ambao huchapisha uhakiki wao kwa Kiswahili. Usipoukuta huko wala kwenye tovuti ya taasisi iliyotajwa, usiusambaze.